Neno la herufi tatu, maana 645

Mwaka 1604 mwalimu mmoja wa shule nchini Uingereza, Robert Cawdrey, alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza iliyofafanuliwa kwa Kiingereza chenyewe. Kilikuwa na maneno yapatayo 2,500, mengi yakiwa yametokana na Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiebrania, yale ambayo muumini wa kawaida aliyasikia mimbarini akatikisa kichwa bila kuambulia kitu. Mtu aliyetaka kujua maana ya neno run angefunua kurasa zake bure. Halikuwamo, wala hakuna aliyelitafuta. Nani asiyejua kukimbia ni nini?

Kwa karibu miaka 100 waliomfuata Cawdrey walishika njia hiyohiyo ya kufafanua maneno magumu tu. Ni kamusi ya mwaka 1702, inayodhaniwa kuwa kazi ya John Kersey, iliyofungua mlango kwa maneno ya jikoni na sokoni, nayo ikayapa maelezo mafupi mno, kana kwamba inayaonea haya.

Aliyeuona ukubwa wa balaa ni Samuel Johnson. Mwaka 1746 alipatana na wauza vitabu wa London awaandikie kamusi kwa pauni 1,575. Akapanga nyumba Gough Square, karibu na Fleet Street, akawaketisha darini wasaidizi sita, watano kati yao Waskoti, wakawa wananakili mifano aliyoipigia mstari vitabuni. Aliahidi miaka mitatu. Kamusi ilitoka Aprili 1755, karibu miaka tisa baadaye. Katika dibaji yake hakulia na maneno ya wanazuoni. Alilia na fungu la vitenzi vidogo ambavyo mtoto anavijua kabla ya kuota meno yote: get, put, set, go, run, make, take. Maana zake, alilalamika, zimelegea na kutawanyika kiasi kwamba ukishika moja nyingine inakuponyoka. Kitenzi take peke yake alikigawa katika maana 134, zikajaza kurasa tano.

Nimelichagua run kwa sababu historia yake inaeleza vizuri namna neno linavyonenepa. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066, kilikuwa na vitenzi viwili vilivyofanana kwa sauti. Kimoja kilikuwa cha mtu anayekimbia au maji yanayotiririka. Kingine kilikuwa cha kumkimbiza mnyama, hasa farasi. Waviking nao walipohamia kutoka Skandinavia walikuja na kitenzi chao cha ukoo huohuo. Karne zilivyopita vyote vikayeyuka vikawa neno moja. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuona kilichopotea hapo: sisi tuna kimbia, kimbiza, kimbilia na kimbizana, kila mnyambuliko na kazi yake. Mwingereza alibaki na shina tupu linalotenda na kutendesha kwa umbo lilelile, na pale anapotaka kuongeza maana hubandika kihusishi nyuma yake.

Basi likaanza kubebeshwa mizigo. Maji ya mto yanatiririka, pua inatoka kamasi, rangi ya kitambaa inachuja, soksi ya mwanamke inafumuka, mgonjwa ana homa, sukari imeisha ndani ya nyumba, basi linafanya safari kila saa, gazeti limechapisha habari, mchezo wa kuigiza umeonyeshwa miezi sita, mama anaendesha duka, magendo yanavushwa mpakani usiku, wateja wanafurika benki kutoa fedha zao kabla haijafilisika. Katika kila moja ya sentensi hizo, msemaji wa Kiingereza anaweza kutumia run. Mfasiri anayelitafuta neno moja la Kiswahili la kuzikidhi zote atakesha. Na hapo sijagusa kriketi, ambako run si tendo hata kidogo bali ni pointi.

Siasa nazo zimelivuta. Mmarekani anayetaka urais husemwa kuwa anakimbia, yaani run. Mwingereza anayetaka ubunge husemwa kuwa anasimama. Sisi tunagombea, na ukiangalia kampeni zetu utakubali kwamba tumechagua kitenzi cha kweli kuliko wote.

Kazi ya kuzipanga maana hizi kwa tarehe ilianza pale Jumuiya ya Filolojia ya London ilipoamua, mwaka 1857, kwamba kamusi zilizopo hazitoshi. Mwaka 1879 mradi ulimwangukia James Murray, Mskoti na mwalimu wa shule. Alijenga banda la bati alilolipa jina kubwa la Kilatini, Scriptorium, kwanza uani kwa shule aliyofundisha Mill Hill, kisha Oxford. Huko Oxford jirani hakutaka limharibie mandhari, kwa hiyo sakafu ikachimbiwa chini ya ardhi, na Murray akawa anafanya kazi penye unyevu, koti mwilini na miguu ndani ya sanduku kuikinga na baridi.

Mamia ya watu wa kujitolea, pande zote za dunia, walisoma vitabu, wakanakili sentensi kwenye vipande vya karatasi, wakavituma kwa posta. Barua zilikuwa nyingi hata posta ikaweka sanduku lake mbele ya nyumba ya Murray. Watoto wa Murray walipewa hela ndogo za kuvipanga vipande hivyo kwa alfabeti. Vikishapangwa, mhariri alivimwaga mezani akavigawa mafungu: fungu hili ni maana moja, lile nyingine, na katika kila fungu sentensi ya zamani zaidi inakaa juu. Kwa njia hiyo hakuna mtu aliyekaa akabuni maana za neno kichwani. Zilichujwa kutoka katika yale ambayo watu walikuwa wameshayaandika.

Herufi R, yenye run, ilisimamiwa na mhariri mwenzake William Craigie, na sehemu ya mwanzo ya S, yenye set, na Henry Bradley. Murray alifariki mwaka 1915 akiwa bado kwenye T. Kamusi hiyo, ijulikanayo kama Kamusi ya Oxford, ikakamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno 414,825. Katika toleo la pili la mwaka 1989, juzuu 20, ingizo refu kuliko yote lilikuwa la kitenzi set, lenye maana 430 na maneno yapatayo 60,000. Unaweza kuchapa riwaya fupi kwa urefu huo.

Mwaka 2011 zikatoka habari kwamba set limeng'olewa kitini. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi hiyo ya Oxford, alikuwa ametumia miezi tisa kulichambua upya run, akafikia maana 645 kwa kitenzi peke yake. Wachambuzi wakatoa sababu inayopendeza kusikika: set ni neno la kuweka vitu mahali pake, la ulimwengu uliotulia, na run ni la ulimwengu wa mashine. Injini ya mvuke, garimoshi, kiwanda, umeme, kisha programu za kompyuta, vyote vinafanya kazi kwa kitenzi hicho.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini taji lenyewe silipi uzito sana. Wahariri walianza kuchapisha masahihisho ya toleo la tatu kwa herufi M, mwaka 2000, na kila kitenzi kikubwa kilichofikiwa kilivimba. Make kilipitiwa, kikashika nafasi ya kwanza, kisha put, kisha run. Wakati huo set lilikuwa bado na maandishi yake ya zamani, kwa hiyo lilishindana likiwa halijala. Isitoshe, nani anaamua kwamba mto kutiririka na pua kutiririka ni maana mbili? Mhariri mmoja atazitenga, mwingine atazifunga pamoja. Kitenzi chetu piga kina simu, pasi, picha, kura, mswaki, deki, hodi na magoti, na kamusi zetu huyaorodhesha mengi ya hayo kama misemo chini ya kidahizo kimoja. Tungehesabu kwa mkono wa Oxford, sijui nani angecheka.

Sasa kamusi hiyo iko mtandaoni na hufanyiwa nyongeza kila miezi mitatu. Nyongeza ya Juni 2022 ilijaa maneno ya Afrika Mashariki. Wengi walishangilia mabati, unga na nyama choma, yaliyoingia kama wageni wanaoonekana wazi. Yaliyonivutia zaidi ni maneno ya Kiingereza yaliyopewa kazi mpya huku kwetu. Merry-go-round, bembea ya watoto ya kuzunguka, imesajiliwa pia kama mchezo wa fedha wa kupokezana. Tarmac, lami, imekuwa kitenzi cha kuzunguka mitaani ukitafuta kazi, bahasha ya vyeti mkononi. Vijana wa Nairobi wala hawakusubiri Oxford: wao husema wanatarmac, kwa viambishi vya Kiswahili, tangu zamani.