Kisukari: Jinsi sukari nyingi inavyolichakaza kongosho

MARADHI ya kisukari hayaanzi siku ambayo daktari humpa mgonjwa majibu ya vipimo. Miaka mingi kabla ya siku hiyo, vita vya kimyakimya huwa vinaendelea ndani ya kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya mfuko wa chakula. Kufikia wakati ambapo mtu anagunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, takriban nusu ya uwezo wa seli zinazotengeneza insulini huwa umekwisha kupotea.

Seli hizo hujulikana kama seli za beta. Zimo katika mafungu madogomadogo yaliyotapakaa ndani ya kongosho mithili ya visiwa baharini. Mafungu hayo yalielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869 na Mjerumani Paul Langerhans, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin. Kongosho la mtu mzima lina visiwa vinavyokaribia milioni moja, lakini vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo mno ya uzani wake. Sehemu kubwa iliyobaki hutengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula.

Umuhimu wa kongosho katika maradhi haya ulidhihirika mwaka 1889. Mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kiungo hicho, naye akashikwa na kisukari. Mnamo 1921, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kuikamua insulini kutoka kwa kongosho mjini Toronto, Canada, na mwezi Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa sindano ya dawa hiyo.

Seli nyingine za mwili huchukua sukari ili zipate nguvu za kufanya kazi. Seli ya beta huitumia pia kama kipimo. Baada ya mlo, sukari inapopanda katika damu, huingia ndani ya seli hiyo na kuchomwa katika mitokondria, ambazo ni vinu vidogo vya kuzalisha nishati. Nishati inayopatikana hufunga milango ya potasiamu kwenye ukuta wa seli. Milango hiyo ikifungwa, ile ya kalsiamu hufunguka, nayo kalsiamu ikiingia huvisukuma vifuko vya insulini kuimwaga homoni hiyo damuni. Kadiri sukari inavyozidi, ndivyo uchomaji unavyozidi, na ndivyo insulini inavyotoka kwa wingi.

Hapo ndipo penye hatari. Hapana moto usio na moshi, na moshi wa mitokondria ni oksijeni kali, yaani molekuli za oksijeni zisizotulia, ambazo hushambulia chochote kilicho karibu nazo. Hushambulia mafuta yaliyo katika ukuta wa seli, protini, na hata chembe za urithi. Molekuli hizo zinapozidi uwezo wa mwili wa kuzidhibiti, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidisho. Dhana hiyo ilielezwa rasmi mwaka 1985 na mwanasayansi wa Ujerumani, Helmut Sies.

Kwa kawaida mwili una walinzi wake. Ini, kwa mfano, lina vimeng'enya tele, kikiwemo katalesi, ambavyo huigeuza oksijeni kali kuwa maji na oksijeni ya kawaida. Seli ya beta haikujaliwa hivyo. Mwaka 1996, Sigurd Lenzen na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kuwa visiwa vya kongosho vya panya vina walinzi hao kwa kiwango cha chini mno, vikilinganishwa na ini na viungo vingine. Seli za binadamu zimeonekana kustahimili zaidi kuliko za panya, lakini nazo pia hudhurika.

Udhaifu huo ulikuwa umejitokeza miaka mingi kabla ya sababu yake kujulikana. Mnamo 1943, John Shaw Dunn na wenzake mjini Glasgow, Scotland, waliwadunga sungura kemikali iitwayo aloksani. Seli za beta zilikufa, na sungura wakapatwa na kisukari. Baadaye iligunduliwa kwamba aloksani hufanana na sukari kiasi cha kupenya kwenye mlango uleule unaopitisha sukari. Ikiwa ndani, huzalisha oksijeni kali ambayo seli hizo haziwezi kuikabili.

Mtu asiyepewa aloksani aweza kufikia hali kama hiyo polepole. Anaponenepa kupita kiasi, hasa tumboni, ini na misuli yake huanza kuipuuza insulini. Seli za beta hulazimika kufanya kazi maradufu. Sukari isiposhuka, uchomaji huendelea usiku na mchana, na oksijeni kali hurundikana. Mafuta yanayojazana ndani ya kongosho nayo huongeza madhara.

Kinachofuata ni mzunguko mbaya. Mkazo huo hudhoofisha protini mbili, PDX-1 na MafA, ambazo kazi yake ni kuiamuru seli itengeneze insulini. Insulini ikipungua, sukari hupanda, na sukari ikipanda huzidisha mkazo uleule uliopunguza insulini. Wataalamu huiita hali hiyo sumu ya sukari.

Mwaka 1999, kundi la watafiti wa Marekani akiwemo R. Paul Robertson lilitoa ushahidi muhimu. Panya wa aina inayopata kisukari walipopewa dawa za kupunguza oksijeni kali, sukari yao haikupanda sana, na kongosho zao zikahifadhi insulini.

Matokeo kama hayo yaliwafanya wengi kudhani kuwa tembe za vitamini zingetosha kuzuia maradhi haya. Haikuwa hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia maelfu ya wanawake nchini Marekani kwa takriban miaka tisa, ulibaini kuwa vitamini C, vitamini E na beta-karotini hazikuwakinga na kisukari cha aina ya pili.

Sababu moja huenda ikawa kwamba oksijeni kali si adui mtupu. Utafiti wa maabara wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kiasi kidogo cha molekuli hizo ni miongoni mwa ishara zinazoiambia seli ya beta kumwaga insulini. Kuzifagia zote ni sawa na kuzima moto kwa sababu ya moshi, na chakula kikabaki kibichi. Linalohitajika ni kupunguza mzigo unaozizalisha kupita kiasi.

Habari njema ni kwamba si kila seli iliyonyamaza imekufa. Nyingine huwa zimechoka tu na kusahau kazi yake. Katika utafiti wa Uingereza ulioongozwa na Mike Lean na Roy Taylor, uliochapishwa mwaka 2017, watu waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita walipunguziwa chakula chini ya uangalizi wa wauguzi na wataalamu wa lishe. Baada ya mwaka mmoja, 46 kati ya kila 100 hawakuwa tena na kisukari, bila kutumia dawa. Waliopunguza uzani zaidi ndio waliofaidika zaidi.

Hata hivyo, muda una mipaka yake. Uchunguzi wa maiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanene waliokuwa na kisukari walikuwa wamepoteza asilimia 63 ya seli za beta, wakilinganishwa na wanene wasiokuwa na maradhi hayo. Seli iliyochoka yaweza kupumzishwa ikaamka, lakini iliyokufa ni vigumu kupata mbadala wake katika mwili wa mtu mzima.

Ndiyo maana kupimwa mapema kuna uzito. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kuwa takriban watu wazima 88 kati ya kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Wengi husubiri kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara au kukonda, ilhali dalili hizo hujitokeza wakati kongosho limekwisha kuelemewa.

Kipimo chenyewe huhitaji tone la damu tu, kabla ya kula asubuhi. Kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa kikawa vivyo hivyo, huo ni kisukari. Aliyekwisha kuanza dawa hapaswi kuziacha bila ushauri wa daktari, kwani kila siku ambayo sukari yake imedhibitiwa ni siku ya mapumziko kwa seli zilizosalia.