Mtoto wa Hesabu Mbili

Pwani ya kusini mtoto hahesabiwi mara moja. Akizaliwa Mikindani, Msimbati au hapa Ufukoni, mjini Mtwara, upande wa kuumeni unamhesabu kivyake na upande wa kukeni unamhesabu kivyake. Baba akiwa Mwarabu wa asili ya Oman, mtoto ni Mwarabu kwa nasaba: ataitwa fulani bin fulani, atarithi kwa mafungu ya Kiislamu, na siku ya arusi yake majina ya babu zake yatatajwa mfululizo, baba juu ya baba. Mama akiwa Mmakonde, mtoto huyo huyo ni Mmakonde, tena bila kupewa hisani na mtu, kwa kuwa litawa, yaani ukoo, hupita kwa mama. Kwa Wamakua mambo ni hayo hayo, ukoo wakiuita nihimo. Kwa Wayao kaka mtu ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao, na kauli ya mjomba ina uzito ambao baba mzazi anaweza kuuonea wivu.

Katika hesabu hizi mbili sioni nusu. Naona mtu mzima aliyehesabiwa mara mbili. Ndiyo maana napenda kuyatazama masuala ya uchotara nikiwa nimesimama huku, kwenye mdomo wa Ruvuma, badala ya kuanzia pale yanapoanzishwa siku zote, yaani kwenye rangi ya ngozi. Sisemi kwamba hapa watoto hawakutaniwa nywele zao. Walitaniwa na wanataniwa. Lakini utani wa nywele ni jambo moja, na kumwambia mtoto kwamba hana kwao ni jambo lingine kabisa.

Kwa nini nasaba ya Mwarabu na litawa la Mmakonde viliweza kukaa nyumba moja bila kupigana? Jibu langu ni kwamba mila za kukeni zilikuwa zimeshamwandalia mgeni nafasi kabla jahazi lake halijatia nanga. Kwa Wayao mume ndiye anayehama. Huenda kwa wakwe, hujenga kwao, hulima kwao, na watoto wanaozaliwa ni wa pale. Kila mume, hata aliyetoka kijiji cha pili, ni mtu wa kuja. Basi mfanyabiashara wa pembe na sandarusi aliyeshuka Mikindani akaoa na kukaa hakuwa kioja. Alikuwa mkwe kama wakwe wengine, isipokuwa kwao kulikuwa mbali zaidi. Naye, kwa upande wake, alikuja na sheria inayosema mtoto ni wa baba. Kila upande uliamini kwamba umepata mtoto, na yumkini hiyo ndiyo siri ya amani yao.

Mfano ulio bayana zaidi uko ng'ambo ya bahari, Ngazidja, katika visiwa vya Komoro. Wangazidja ni Waislamu wa karne nyingi, na bado kila mtu ana inya yake, ukoo wa kukeni; nyumba ni ya binti, mume huingia. Na visiwani humo humo wamo masharifu wanaohesabu nasaba yao kuumeni mpaka kwa Mtume. Mtu mmoja huwa sharifu kwa baba na mwana wa inya kubwa kwa mama, akaketi barazani kwa heshima zote mbili. Kaskazini zaidi, Lamu, Mombasa na hata Unguja, hesabu ya kuumeni ililemea, na yale ya upande wa mama yakabaki kuwa mapenzi ya bibi na mapishi yake.

Hata hivyo hesabu ya kuumeni, ikiachwa ifanye kazi yake kwa ukamilifu, haibagui rangi. Tazama watoto wa Sayyid Said. Majid alizaliwa na mama wa Kicherkesi, mweupe kabisa, na Barghash alizaliwa na mama wa Kihabeshi. Wote wawili walikuwa watoto wa masuria, na wote wawili waliitawala Zanzibar kwa zamu. Hakuna aliyeuliza yupi ni Mwarabu zaidi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemfahamu kwa jina la Tippu Tip, alielezwa na wageni waliomwona kuwa mtu mweusi. Yeye, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, hahangaiki hata kidogo kuthibitisha Uarabu wake. Anao kama alivyo na pua.

Hapo ndipo wasifiaji wengi wa pwani hutua mizigo na kuanza kupiga makofi. Mimi siwezi, kwa sababu ukarimu huu ulikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo walipita wanaume. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, yanatambua kufu katika ndoa, na nasaba ni sehemu ya kufu. Mwarabu kumwoa Mmakonde ilikuwa ndoa. Mmakonde kumwoa binti wa Kiarabu ilikuwa kesi. Sasa mfikirie mtoto ambaye angezaliwa na ndoa hiyo ya pili: sheria ya baba wa Kiarabu haimhusu, maana Mwarabu ni mama, nalo litawa la Kimakonde halimchukui, maana litawa hupita kwa mama na mama hana. Mila zilezile mbili zinazomkumbatia mtoto wa kwanza mara mbili zinamsukuma huyu wa pili mara mbili, huku zikimwelekeza aende kwa wenzao. Kama baba yake ni Mwislamu atapata nasaba ya baba, ndiyo, lakini nasaba ya babu wasiotajwa barazani.

La utumwa ni zito kuliko hilo. Njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa ziliishia Kilwa na Mikindani, na wanawake wengi walioingia nyumba za pwani waliingia kwa njia hiyo. Sheria ya Kiislamu ilimpa mtoto wa suria uhuru na nasaba kamili ya baba, na mama mwenyewe aliachwa huru bwana wake akifa. Ni kweli, na tuiseme. Lakini mwanamke aliyetekwa alikuwa amekatwa na ndugu zake. Hakuna mjomba wa kuja kudai, hakuna litawa la kumwita mtoto. Wala tusiwatwike Waarabu peke yao jambo hili: machifu wa Kiyao nao walipenda wake mateka, kwa kuwa watoto wa wanawake hao walikuwa wao moja kwa moja, pasipo wajomba wa kugombana nao. Hesabu mbili zilihitaji mama aliye huru. Mama akiwa mtumwa, iliyobaki ni moja.

Nimekuwa nikiisoma kwa jicho hilo riwaya ya M. G. Vassanji, The Gunny Sack, iliyotoka mwaka 1989. Mhindi Dhanji Govindji anafika katika mji wa pwani ambao mwandishi ameubuni na kuuita Matamu. Anaishi na mjakazi, Bibi Taratibu, na wanapata mtoto wa kiume. Kisha anakuja mke wa Kihindi, na Taratibu anaondoka nyumbani. Mtoto akiwa mkubwa anapotea, na baba anaanza kumtafuta kwa fedha za jamaa zake Wahindi, mpaka zinamtokea puani. Wahakiki wengi wameusoma mkasa huo kama hatia ya baba. Mimi nauliza mbona hakuna mjomba. Katika kitabu kizima hatokei mtu wa kukeni kuja kusema, huyu ni wetu, mleteni. Hawezi kutokea, kwa kuwa Taratibu ni mtumwa, na jumuiya ya Kihindi ya wakati ule haikuwa na desturi ya nasaba iliyompa mtoto wa mjakazi kiti. Kijana huyo amekosa hesabu zote mbili. Yeye ndiye chotara kwa maana ile inayoumiza, na mwandishi alijua alichokuwa akifanya alipomfanya atoweke badala ya kumpa maneno ya kusema.

Serikali za kigeni ndizo zilizoleta swali lenye jibu moja. Mwaka 1906 Wajerumani walizuia ndoa kati ya Wazungu na wenyeji katika koloni lao la Afrika Mashariki, mwaka mmoja baada ya kufanya hivyo Afrika Kusini Magharibi. Waingereza waliokuja baadaye hawakuhitaji katazo kama hilo. Walikuwa na madaraja. Shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, na hospitali vivyo hivyo. Karani alitaka neno moja kwenye kisanduku. Wakati wa uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, kana kwamba nchi ni sinia lenye mafungu matatu. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walikuwa na mgawanyo wao wa wenyeji na wasio wenyeji, waliouondoa katika sheria mwaka 1961. Mshairi José Craveirinha, aliyezaliwa mwaka 1922 kwa baba Mreno wa Algarve na mama Mronga, alitumia maisha yake ya uandishi kujadiliana na wazazi hao wawili. Kwao, Waronga, ukoo hufuata baba. Angezaliwa na mama wa Kimakonde wa Mueda au Palma asingekosa ukoo wa kukeni, ila pengine tungekosa mashairi.

Mchezo huo wa kuhamisha watu unafundisha. Barack Obama alizaliwa Honolulu mwaka 1961, baba Mjaluo, mama mzaliwa wa Kansas. Kwa hesabu ya Kogelo, kijiji cha baba yake, ni Mjaluo kamili, na walivyompokea kule Siaya havikuwa vya nusu. Kwa hesabu ya Newala, kwa Wamakonde wetu, ni mtu wa Kansas, kamili vilevile, na ndugu zake wa kukeni ni Wamarekani weupe. Kwa hesabu ya kwao Marekani, ambako sheria za majimbo kama ile ya Virginia ya 1924 zilitaka asiwepo mweupe mwenye hata chembe ya damu nyeusi, ni mweusi. Katika sensa ya 2010, ingawa fomu zilikuwa zimeruhusu visanduku zaidi ya kimoja tangu mwaka 2000, alitia alama kimoja: mweusi. Simlaumu. Alijibu kwa mujibu wa mtaa alimokulia, na mtaa ule haukuwa na litawa.

Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilijaribu dawa nyingine. Oktoba 1961, wabunge kadhaa walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere alisimama kidete akatishia kujiuzulu. Baada ya sensa ya 1967 wahesabuji waliacha kuwauliza watu kabila na mbari. Fomu ikanyamaza. Mtaa haukunyamaza. Hapa mjini utasikia chotara, shombeshombe, Mwarabu koko, kwa mapenzi, kwa kejeli, au kwa vyote viwili kutegemea nani anakuuzia samaki.

Anayekua na mambo haya hasomi vitabu vya mila. Anajua tu kwamba akipelekwa likizo kwa bibi Newala wenzake humwita Mwarabu, na akipelekwa kwa shangazi Unguja humwita Mmakonde. Kila upande humwita kwa jina la upande wa pili. Huko Unguja na Dar es Salaam chale na ndonya za bibi zetu ziligeuzwa kichekesho, na najua watu waliojifunza mapema kutaja kuumeni tu. Kinachomwokoa mtoto, mahali mila bado ina nguvu, ni kwamba anaitwa kufanya kitu. Mjomba akimpeleka jandoni, ambako Wamakonde hukuita likumbi, atatoka na wenzake wa rika moja, wamekula pamoja na kuogopa pamoja, na baada ya hapo mtu anayemwambia si wa kwao atakuwa anabishana na kundi zima. Kadhalika akikaa chuoni kwa mwalimu na kuhitimu, upande wa baba una ushahidi wake. Kujiuliza mimi ni nani mbele ya kioo ni kazi ya upweke. Desturi hizi zilimpunguzia mtoto saa za kukaa na kioo.

Desturi hizo zinapungua nguvu, wajomba wamekuwa wa kwenye simu, na watu wapya wanaendelea kuja. Gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982 imewaleta mafundi kutoka nchi nyingi, na mapenzi hayasubiri kibali cha kazi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamhesabu mtoto aliyezaliwa Mtwara na mama Mtanzania kuwa Mtanzania, na hapo inakubaliana na Newala. Lakini mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, na mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hawezi kwa sababu hiyo. Kwa sheria hii mkwe aliyehamia ukweni, yule ambaye mila ya Kiyao ilimjengea nyumba, ni mpita njia. Naye mtoto wao, kama amezaliwa na uraia wa baba pia, akifikisha miaka 18 anatakiwa aukane kabla hajatimiza 19, la sivyo ule wa Tanzania unamtoka. Akiuacha umtoke, litawa la mama yake litakuwa lake na nasaba ya baba yake itakuwa yake, ila kwenye dirisha la uhamiaji pale Kilambo, anapovuka mto kwenda kwenye arusi ya ndugu zake wa Msumbiji, hayo mawili hayaulizwi.