Mbuyu Mmoja, Majina Mawili

Siku hizi tunaambiwa kwamba akili mnemba inaweza kupitia kwa saa chache maelfu ya taarifa za utafiti juu ya mitishamba inayoua bakteria, kisha ikatutajia miti inayofaa kupelekwa maabara. Habari hiyo siibezi hata kidogo. Dawa tulizozitegemea zinazidi kushindwa kazi. Wataalamu walikadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani waliuawa na bakteria sugu. Na mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitumia kompyuta kuchambua maelfu ya kemikali, wakaipata halisini, ambayo awali ilichunguzwa kwa ajili ya kisukari, kumbe inaua hata bakteria sugu.

Lakini kemikali ina muundo wake usiobadilika. Mti una majina, na hapo ndipo penye kazi.

Chukua mbuyu. Msafiri wa barabara kuu ya Zambia anayetoka Mikumi kwenda Iringa huiona mibuyu bondeni mwa Mto Ruaha kabla hajaanza kupanda Kitonga, na pale Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu vile, hata jina la mahali ni la mti huo. Majani, magome na matunda yake yamepimwa katika maabara nyingi dhidi ya bakteria. Jina lake la kisayansi, Adansonia digitata, lilitolewa na Linnaeus katika karne ya 18 kwa heshima ya Mfaransa Michel Adanson, aliyeuchunguza mti huo Senegal. Mwaka 2012 wataalamu wakatangaza kwamba baadhi ya mibuyu ya sehemu za miinuko ni aina nyingine, wakaiita Adansonia kilima. Mwaka 2016 wenzao wakachunguza upya wakasema hapana, mbuyu ni ule ule. Mashine isiyoarifiwa habari hiyo itahesabu miti miwili.

Migunga ndiyo balaa zaidi. Mikutano ya wanabotania, Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011, iliamua jina Acacia libaki kwa jamaa zao wa Australia. Migunga yetu ikahamishiwa Vachellia na Senegalia. Anayetafuta kwa jina jipya tu atakosa utafiti wa miaka mingi.

Na utafiti huo tunao. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wetu, wakiwamo Mshiu na Mshigeni (huyo huyo wa mwani wa Zanzibar), pamoja na wenzao wa Uppsala, Sweden, walichapisha kwa sehemu tatu orodha ya mimea ya tiba za asili Tanzania. Hiyo ilikuwa kazi ya miguu, ya kumfuata mganga na kuuliza.

Mchina Tu Youyou naye, mwaka 1971, alikuwa akipekua kwa mkono maandiko ya kale kutafuta dawa ya malaria. Mmea alikuwa nao, ila akiuchemsha hauponyi. Katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 akasoma kwamba majani hulowekwa majini na kukamuliwa. Hakuna moto! Akaacha joto kali, dawa ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Je, muhtasari wa mashine ungeliacha neno hilo dogo? Nina wasiwasi. Tena zipo programu zinazobuni hata makala ambazo hazijapata kuandikwa. Kwa hiyo ikiletwa orodha ya miti, mimi ningeuliza kwanza sampuli iliyokaushwa iko wapi, ilichumwa wapi, na aliyeichuma aliambiwa ichemshwe au ilowekwe.