Desemba na Mwanzo wa Mwaka katika Uwanda wa Kati

Tumezoea kuandika historia ya njaa za Ugogo kwa miaka ya kalenda, kana kwamba kila njaa ilizaliwa Januari na kufa Desemba. Makala haya yanadai kwamba historia ya uwanda wa kati husomeka vizuri zaidi mwaka unapohesabiwa kuanzia Desemba, mwezi wa kupanda.

Asili ya mwezi wenyewe inaruhusu hoja hii. Kwa Warumi wa kale Desemba ulikuwa mwezi wa 10, kwa sababu mwaka wao ulianza Machi. Tangu 153 KK makonsuli wa Roma walishika madaraka Januari mosi, na baadaye marekebisho ya Julius Caesar yaliuongezea Desemba siku mbili, kutoka 29 hadi 31. Kwa hiyo kuanza mwaka Januari ni uamuzi wa watawala, na mwanahistoria wa Dodoma hana wajibu wa kuuona kama kanuni ya maumbile.

Maumbile ya Dodoma yanasema vingine. Hakuna vuli na masika kama pwani. Kuna msimu mmoja wa mvua, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Mibuyu huvaa majani, na mkulima aliyekwisha kuberega, yaani kufyeka shamba na kuchoma mabaki bila kulilima, hutia uwele na mtama ardhini. Januari au Februari mvua mara nyingi hukatika kwa wiki kadhaa. Mmea uliowahi huwa na mizizi ya kustahimili, uliochelewa hunyauka. Mavuno ya Mei na Juni, kwa sehemu kubwa, huwa yameamuliwa Desemba.

Chukua Mtunya, njaa kuu iliyoua maelfu ya Wagogo kati ya 1918 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza walioiteka Dodoma Julai 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mvua za 1918/19 zilipokuwa haba, kaya zilikuwa zimekwisha kupoteza akiba na mifugo ambayo katika ukame wa kawaida ingebadilishwa kwa chakula. Anayefungua hesabu Januari 1919 huona mbingu kavu tu. Anayeifungua wakati wa kupanda hulazimika kuuliza mbegu zilitoka wapi, na nani alikuwa amebaki nyumbani kushika jembe. Maswali hayo yanairudisha vita mahali pake katika orodha ya visababishi, na kuyataja mamlaka yaliyohusika.

Mfano wa pili ni wa Uhuru. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo, ikawa Jamhuri. Ukame wa 1961 ulikuwa umewaacha wengi wakitegemea chakula cha msaada. Kisha miezi ya mwisho ya mwaka ikaleta mvua kubwa mno Afrika Mashariki, hata kina cha Ziwa Victoria kikapanda kwa kiasi kisicho cha kawaida. Serikali mpya ilipokea madaraka na msimu kwa pamoja, na hatua zake za kwanza kuhusu chakula zinastahili kupimwa hivyo.

Yapo mapingamizi. Mvua haifuati tarehe; pengine huwahi mwishoni mwa Novemba, pengine huchelewa. Na kinachofaa Dodoma hakifai Tanga wala Bukoba. Yote ni kweli, ila hayaivunji hoja. Kuyumba kwa mvua ndiko kunakoifanya Desemba kuwa mwezi wa maamuzi, na hoja yenyewe ni ya uwanda wa kati. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo hutabiri mvua za ukanda huu kwa msimu wa Novemba hadi Aprili, ikivuka mpaka wa mwaka.

Sherehe za Uhuru za 2017 zilifanyika Dodoma, katika Uwanja wa Jamhuri, wakati Serikali ikihamia huko. Sasa sera za chakula zinaandikwa mjini humo humo. Wanahistoria na watunza nyaraka waandike matukio ya uwanda wa kati kwa msimu, 1918/19 au 1961/62, ili sababu za njaa zionekane mahali zilipoanzia na waliozisababisha wasipotee nyuma ya neno ukame.