Wanafunzi waliokubali kuambukizwa malaria Bagamoyo

Nimepotea kidogo, mnajua tena wiki za mitihani zinavyokuwa. Leo sina stori ya foleni ya kantini wala ya bumu kuchelewa. Leo ni historia, maana kuna ubishi ulizuka chumbani kwetu wiki iliyopita, nikaona bora niuandike kabisa.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Mwenzetu mmoja alisikia kwamba kuna wanafunzi wa vyuo vya Dar waliowahi kujitolea kuchomwa sindano yenye vimelea hai vya malaria. Makusudi kabisa. Jamaa wa kitanda cha juu akasema haiwezekani, hizo ni stori za mumiani. Wa tatu akasema inawezekana, ila lazima walinunuliwa, mwanafunzi mwenye njaa utamwambia nini akatae? Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake nikaingia maktaba kutafuta.

Kumbe ni kweli. Mwaka 2012 Taasisi ya Afya Ifakara, kupitia kituo chake cha Bagamoyo, ilifanya utafiti ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2014, mwandishi wa kwanza akiwa Dk. Seif Shekalaghe. Vijana 30 wa kiume, wazima wa afya, walishiriki. Kati yao 24 walichomwa vimelea hai vya malaria vilivyotengenezwa na kampuni ya Sanaria ya Marekani na kusafirishwa vikiwa vimegandishwa. Sita walichomwa maji ya chumvi tu. Karibu wote waliopata vimelea waliambukizwa, wakatibiwa, wakapona. Ulikuwa utafiti wa kwanza wa aina hiyo Afrika katika zama hizi. Watafiti walitaka watu wasiougua malaria kwa muda mrefu, na wanaoweza kusoma na kuelewa vizuri wanachoingia. Wanafunzi wa vyuo vya Dar wakaonekana wanafaa. Yaani watu kama mimi na wewe, wenye desa mkononi.

Sasa swali la kihistoria ni hili: neno "kujitolea" limeingiaje kwenye utafiti wa tiba huku kwetu? Maana halikuwepo tangu mwanzo. Kulielewa itabidi tutoke pwani kidogo, turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, halafu tutashuka tena Bagamoyo.

Robert Koch mnamjua, yule Mjerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu. Alikaa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria na magonjwa mengine. Mwaka 1906 akarudi Afrika Mashariki kwa ajili ya malale, akapiga kambi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Huko malale ilikuwa imefagia watu, zaidi ya 200,000 walikufa kuzunguka ziwa katika miaka hiyo. Koch alikuwa na dawa iitwayo Atoxyl, ambayo ndani yake mna aseniki, yaani sumu. Ilipoonekana dozi ndogo haiui vimelea kabisa, akapandisha dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, na hawakuona tena.

Hapa ndipo pananikaba. Wale wagonjwa wengi walikuja wenyewe. Walisikia kuna mzungu ana dawa, wakabebana, wakavuka maji, wakapanga mstari. Hakuna aliyewafunga kamba. Je, walijitolea? Mimi nasema hapana. Mtu anayeamini anakwenda kutibiwa, kumbe mwenzake anapima dozi, huyo hajajitolea. Hakuambiwa kwamba ni jaribio, hakuambiwa hatari yake, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo kuja kwa miguu yako hakutoshi. Lishikeni hilo, tutalihitaji tukifika kwa wanafunzi.

Na mumiani je? Sisi tuliokulia pwani tumetishiwa naye: ukitembea usiku peke yako mumiani atakukamata akunyonye damu akatengeneze dawa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu stori hizi za Afrika Mashariki, kilitoka mwaka 2000. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba tusizicheke, bali tuzisome kama ushahidi wa namna watu walivyouona utawala wa kikoloni. Na ukifikiri, ina maana. Mtu mwenye sare anakuja kijijini, anamtoboa mtoto kidole, anaondoka na damu kwenye kioo, harudi kusema ameona nini. Wewe ungesema imekwenda wapi? Jamaa wa kitanda cha juu hakuwa mjinga basi. Alikuwa anarudia swali la babu zake: damu yetu mnaipeleka wapi?

Mfano mwingine ni mradi wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1959 nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin kuua mbu. Malaria ikapungua sana. Halafu upuliziaji ukasimama, na watafiti wakaendelea kufuatilia kuona ugonjwa utarudi vipi. Kwa sayansi lilikuwa swali zuri. Kwa mama mwenye mtoto mchanga aliyezoea miaka kadhaa bila homa, sidhani kama lilikuwa zuri. Hapo ndipo linapozaliwa swali la pili la historia hii: utafiti ukiisha, aliyeshiriki anabaki na nini?

Kanuni zikaja polepole. Baada ya ukatili wa madaktari wa Kinazi, mahakama ya Nuremberg mwaka 1947 ilisema ridhaa ya mshiriki ni ya lazima. Mwaka 1964 madaktari wa dunia wakapitisha Azimio la Helsinki. Hapa kwetu Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mwaka 1979. Siku hizi utafiti wa dawa au chanjo hauanzi bila kupita kamati za maadili, na mamlaka ya dawa (zamani TFDA, tangu 2019 inaitwa TMDA) nayo lazima iruhusu. Fomu ya ridhaa inaandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi, anaweka dole gumba. Na kuna sentensi moja ambayo wagonjwa wa Ssese hawakuwahi kusomewa: unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayataguswa.

Haya, sasa tushuke Bagamoyo. Ukipanda daladala ukapita Tegeta, Bunju, Mapinga, ukafika mjini, watalii wanakimbilia Kaole na Boma la Wajerumani. Wachache wanajua kwamba mji huo umo kwenye historia ya chanjo ya malaria ya dunia nzima.

Ifakara yenyewe ilianza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi kule Kilombero, chini ya Profesa Rudolf Geigy. Baadaye ikawa taasisi ya Kitanzania, na Bagamoyo ikapata kituo chake. Mwaka 2008 timu ya Dk. Salim Abdulla ilitoa matokeo ya watoto wachanga 340 wa Bagamoyo. Nusu walipata chanjo ya malaria ya RTS,S pamoja na chanjo zao za kliniki, nusu wakapata ya homa ya ini. Maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 65 katika miezi sita ya ufuatiliaji.

Mwezi Mei 2009 ikaanza awamu kubwa, na watoto wa kwanza kuchanjwa walikuwa hapo hapo Bagamoyo. Iliingiza watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Korogwe nayo ilikuwemo. Wasiopata ya malaria hawakuachwa mikono mitupu: wakubwa kidogo walipata chanjo ya kichaa cha mbwa, wachanga wakapata ya uti wa mgongo. Matokeo ya mwisho ya mwaka 2015 hayakuwa ya kupigia vigelegele sana, kinga ilikuwa asilimia 36 kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata na dozi ya nyongeza. Lakini kwa ugonjwa unaoua watoto maelfu kwa maelfu, 36 si mchezo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Mwaka 2023 ikapendekezwa ya pili, R21, na Bagamoyo ilikuwemo tena, kituo kimoja kati ya vitano, pamoja na Kilifi kwa majirani zetu Kenya na vingine vya Burkina Faso na Mali.

Nyuma ya tarakimu zote hizo kuna mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni, akasomewa karatasi, akasema ndiyo. Au akasema ngoja nikamuulize baba yake. Au akasema sitaki, akaondoka, na kliniki ikaendelea kumpimia mtoto uzito kama kawaida. Kwangu mimi yule wa tatu ni muhimu sawasawa na wa kwanza. Yeye ndiye anayethibitisha kwamba ndiyo ya wenzake ilikuwa ndiyo kweli.

Sio malaria tu. Kuanzia 2007 jijini Dar kulikuwa na jaribio la chanjo ya UKIMWI lililoitwa HIVIS03, chini ya Muhimbili na wenzao wa Sweden. Watu 60 walijitolea, na walitafutwa kutoka Jeshi la Polisi. Fikiria ujasiri wake. Chanjo hiyo haiwezi kukupa UKIMWI, ila inaweza kufanya mwili utengeneze kinga ambazo kipimo cha kawaida kitasoma kama una virusi. Hiyo ni gharama ambayo huioni kwenye sindano, utaiona siku unapima ili uoe.

Turudi kwa wanafunzi. Kwa nini wasitumie Wamarekani, wao ndio wenye kampuni? Jibu lilikuja mwaka 2018, kwenye utafiti ulioongozwa na Dk. Said Jongo. Chanjo ya Sanaria iliwakinga Wamarekani 12 kati ya 13 walipoambukizwa kwa majaribio. Ratiba hiyo hiyo ya dozi ikaletwa kwa vijana wa Kitanzania, nao wakatafutwa vyuoni Dar, ikawakinga 4 kati ya 20. Wanasayansi wanadhani mwili uliokwisha kukutana na malaria unaipokea chanjo tofauti. Bila wale vijana tungeletewa kitu kilichofuzu Maryland, tukakichanja kwa imani tu.

Ndiyo maana siungi mkono moja kwa moja ile hoja ya pesa. Ni kweli bumu likiisha mtu anaweza kusema ndiyo kwa sababu ya tumbo. Fidia ya nauli na muda ni haki, kumpotezea mtu siku zake bure ni dhuluma. Lakini ikiwa kubwa mpaka huwezi kuikataa, tumerudi Ssese kwa mlango wa nyuma: umekuja kwa miguu yako na bado hujajitolea. Mstari uko wapi hasa? Chumbani kwetu hatukukubaliana. Jamaa wa tatu bado anasema maskini hana hiari. Mimi namuuliza, basi maskini asishirikishwe kabisa? Tutakuwa na chanjo zilizopimwa kwa matajiri peke yao, na wao malaria hawaumwi.

Kwa hiyo ukija kuona tangazo la utafiti, usikimbie na usikimbilie. Uliza kamati gani ya maadili imeupitisha, na namba ya kibali. Uliza nini kinaweza kwenda vibaya, na nikiumwa nani anatibu. Uliza damu yangu inakwenda wapi na itakaa muda gani, ndilo lile swali la mumiani na jibu lake ni haki yako. Uliza matokeo mtaniambia lini. Uliza dawa ikifaa, watu wa kwetu wataipata? Hili la mwisho ni zito. Majaribio ya kuitumia RTS,S kliniki za kawaida yalipoanza mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Tanzania haikuwemo, pamoja na watoto wote wale wa Bagamoyo na Korogwe.

Wapo watu wazima wa leo, na watoto wanaomaliza sekondari sasa, ambao miili yao imo kwenye ile chanjo na pengine hawajui. Kama wewe ni wa Bagamoyo, Kiwangwa, Yombo au popote huko, muulize mama kama aliwahi kuweka saini au dole gumba kwenye karatasi ya utafiti, na aliambiwa nini. Ukipata jibu niletee. Historia hii bado haijaandikwa na wenyewe.

Alamsiki wadau, kesho nina kipindi saa moja.