Redio Iliyofunga Shule

Sisi tunaoishi kwa kipaza sauti hupenda kujisifu kwamba redio ni shule ya wote. Leo, ndugu msikilizaji, nataka tukumbuke redio iliyofunga shule.

Ni katika bonde la Swat, kaskazini mwa Pakistani. Huko, katikati ya miaka ya 2000, mhubiri Maulana Fazlullah alianza kutangaza kwa redio ya FM isiyo na leseni. Mwanzoni alihimiza sala na mwenendo mwema. Akina mama walimsikiliza jikoni, na wengine wakamchangia hata dhahabu zao. Kisha maneno yakabadilika. Redio ile ile ikaanza kutaja majina ya wasichana walioacha masomo na kuwapongeza. Mzazi ambaye binti yake hajatajwa alielewa ujumbe. Mwisho wa mwaka 2008 ikatoka amri: baada ya Januari 15, 2009, hakuna msichana kwenda shule. Tayari shule nyingi zilikuwa zimelipuliwa.

Idhaa ya Kiurdu ya BBC ilimtafuta mtu wa kueleza maisha ya huko. Wazazi waliogopa, na si ajabu. Aliyekubali ni binti wa miaka 11 wa mji wa Mingora, Malala Yousafzai, ambaye baba yake, Ziauddin, aliendesha shule. Kwa jina la bandia, Gul Makai, aliandika mambo madogo madogo tu: kwamba siku moja walifika wanafunzi 11 kati ya 27 wa darasa lake, kwamba waliambiwa wasivae sare, wasije wakatambuliwa njiani.

Oktoba 9, 2012, watu wenye silaha walisimamisha gari la shule, wakauliza Malala ni yupi, wakampiga risasi kichwani. Wenzake wawili walijeruhiwa. Masheikh wapatao 50 wa Pakistani walitoa fatwa kulaani kitendo hicho. Malala alitibiwa nchini mwake, kisha Birmingham, Uingereza, akapona. Mwaka 2014, akiwa na miaka 17, alipata Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Kailash Satyarthi wa India. Fazlullah aliuawa Afghanistan mwaka 2018. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2021, Taliban waliporudi madarakani waliwafungia wasichana milango ya sekondari.

Tunapenda kukumbuka risasi. Mimi nasema tuikumbuke zaidi redio. Bunduki ilikuja mwisho. Kwanza ilikuja sauti tamu, na watu wema waliisikiliza, wakaichangia, kisha wakaiogopa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Swat aliyeanza kuuziba ufa ule alikuwa mtoto mwenye kalamu.

Basi, mzazi unayenisikiliza, siku sauti yoyote, hata yangu, itakapokushauri umwache binti yako nyumbani, izime redio umpeleke shule.