Mkasi Katika Sweta

Wewe mama unayeogopa kuharibu sufu yako, wafikirie wafumaji wa Visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland. Wao hufuma kiwiliwili cha sweta kwa mzunguko, kama gunia, kisha hutwaa mkasi wakakata nafasi za mikono! Je, halifumuki? La. Sufu ya kondoo wao ina vinyweleo vinavyoshikamana, tena mahali pa kukatia hufumwa vitanzi vya ziada. (Uzi wa pamba huteleza, usiujaribu.) Mwaka 1922 Edward, Mrithi wa Ufalme wa Uingereza, alivaa sweta la Fair Isle, kisiwa cha huko, akicheza gofu, watu wakayataka. Huko Marekani Bibi Elizabeth Zimmermann alifundisha ukataji huo kitabuni mwaka 1971: cherehani kwanza, pande mbili za mstari, ndipo mkasi. Jioni hii fuma kipande cha upana wa kiganja, ukishone, ukikate.